Maswali na majibu: njia za faili kati ya Windows na zana za Unix

«Duka letu la Kadutu lina faili ya bat (orodha ya amri za Windows) inayoita zana za Cygwin, yaani zana za Unix zinazofanya kazi ndani ya Windows, kila jioni ili kunakili hesabu, na kila mara naonywa kwamba nimetumia njia (anwani ya faili) ya mtindo wa MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows. Je, hesabu zimo hatarini?»

Hazimo hatarini. Cygwin imeisoma njia C:\Duka\hesabu.txt, imeielewa na imeifungua faili. Inachokuomba ni uandike /cygdrive/c/Duka/hesabu.txt, na ukilisoma onyo hadi mwisho utakuta limekwisha kukuandikia njia hiyo ikiwa kamili. Tofauti hii ni ya zamani: MS-DOS ya kwanza haikuwa na folda, na mkwaju (/) ulikwisha kutumika kutanguliza chaguo za amri, kwa hiyo folda zilipoingia katika toleo la 2.0, mwaka 1983, Microsoft ilizitenganisha kwa mkwaju wa kinyume (\). Onyo huzimwa kwa kuweka neno nodosfilewarning katika kigeu cha mazingira (mpangilio ambao programu huusoma zinapoanza) kiitwacho CYGWIN. Matoleo ya karibuni hayaonyi yasipoombwa, basi huenda Cygwin yako imezeeka. Mimi ningesahihisha njia kwanza, kwa sababu jibu la mwisho hapa chini linahusu programu isiyoonya.

«Niko Himbi, Goma. Nimeandika cd C:\Users\kazi, nikajibiwa kwamba hakuna C:Userskazi. Mikwaju imekwenda wapi?»

Imeliwa na bash, programu inayosoma amri unazoziandika katika terminali. Kwa bash, mkwaju wa kinyume ni agizo la kuichukua herufi inayofuata kama ilivyo, na agizo likishatekelezwa alama yenyewe hutupwa. Ifunge njia nzima kwa nukuu moja moja, 'C:\Users\kazi', au tumia mkwaju wa kawaida, ambao katika kibodi ya Kifaransa hukuokoa pia na AltGr pamoja na 8. Kama njia umeinakili kutoka dirisha la Windows, usiiandike upya kwa mkono: amri cygpath -u 'C:\Users\kazi' itakupa umbo la Unix, -w hurudisha la Windows, na -m hutoa C:/Users/kazi, umbo ambalo programu nyingi za pande zote mbili hulikubali. Angalia tu uko katika zana gani, maana diski hiyo hiyo huitwa /cygdrive/c katika Cygwin, /c katika Git Bash na /mnt/c katika WSL (Linux ndani ya Windows), ambayo nayo ina amri yake, wslpath.

«Windows yangu hapa Lubumbashi ni ya Kifaransa. Folda ya Utilisateurs naiona kwa macho, lakini terminali inakana kwamba ipo.»

Terminali inasema kweli. Utilisateurs ni jina la kuonyeshwa tu. Katika diski folda inaitwa Users, kama vile Bureau inavyoitwa Desktop. Andika ls /cygdrive/c uone majina halisi. Lakini «Nouveau dossier» uliyoiunda mwenyewe huitwa hivyo hivyo, pamoja na nafasi yake katikati, kwa hiyo usiisahau nukuu.

«Kwa nini rsync, programu ya kunakili faili, inakataa kunakili picha kutoka C: kwenda D:, ikidai kwamba pande zote mbili ziko mbali?»

Kwa sababu katika rsync neno linalotangulia nukta pacha (:) ni jina la kompyuta nyingine. Ukiandika C:\Picha, inaelewa folda ya Picha katika mashine iitwayo C, na D: nayo inakuwa mashine ya pili, kunakili kati ya mashine mbili za mbali haiwezi. Ukiandika nukta pacha upande mmoja tu haitakataa mara moja, bali itaanza kuitafuta mashine hiyo mtandaoni, nawe utadhani intaneti ndiyo mbovu. Andika /cygdrive/c/Picha/ na /cygdrive/d/Picha/. Tar, inayofunga faili nyingi katika faili moja ya kumbukumbu, ina tabia hiyo hiyo kwa jina la faili hiyo, ila yenyewe hutulia ukiongeza --force-local.