Kabla hujaenda BRELA, hesabu herufi za jina lako

Kama biashara yako ni ya mtu mmoja, yaani bosi ni wewe, muuzaji ni wewe na wa kufagia asubuhi ni wewe, na unataka wateja wapate sms inayotokea kwa jina la biashara badala ya namba ya simu, nakuomba usianze na BRELA, wale wakala wa serikali wanaosajili biashara. Anza na kalamu. Andika hilo jina unalolitaka halafu hesabu herufi. Zikizidi 11 endelea kusoma, maana yaliyonikuta yatakukuta.

Mimi nauza nguo za watoto za mtumba, nina kafremu Tabata, Dar. Mzigo nafungua Alhamisi. Anayejua biashara hii anaelewa kwamba belo likifunguliwa saa tatu, saa tano zile nzuri zote zimeshaondoka, kwa hiyo mteja akijua mapema anakuja na anachagua, asipojua anakuja Jumamosi anakuta mabaki halafu anakwambia eti siku hizi mzigo wako mbovu. Ndo maana nilikuwa na daftari la namba, kila anayenunua namuuliza nikikuandika nikushtue mzigo ukiingia sawa? Wengi walikuwa wanakubali. Na kabla hujaniambia WhatsApp, karibu nusu ya wateja wangu wana kiswaswadu, na wenye simu kubwa nao bando likiisha ndo basi tena.

Nilikuwa natuma kwa simu yangu tu, nanunua bando la sms naanza kutuma mmojammoja kama mwendawazimu. Siku moja nikiwa nimepita kama mia hivi zikaanza kugoma, laini haitumi tena mpaka kesho yake. Nikachukua laini ya pili. Hapo ndo nikapigiwa na mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, ananiambia kwa huruma kabisa, "mwanangu kuna matapeli wanatumia jina lako, wananiambia sijui mzigo umefika nitume hela ya kushikiliwa, nimeshawapeleka 15040." 15040 ndo namba ya kuripoti sms za utapeli. Sasa hao matapeli ni mimi! Sms ni yangu, nimeandika mwenyewe, na lipa namba nimeweka mwenyewe. Sikumlaumu, maana nchi hii kila mtu ameshapata ile "ile hela tuma kwenye namba hii", namba ngeni ikitaja hela tu mtu anajua ni wale wale.

Basi nikaamua nifanye mambo rasmi, na hapo ndo nilipokosea mpangilio.

Jina la biashara unasajili BRELA kwenye mfumo wao wa mtandaoni, hauhitaji kwenda ofisini, na wala hauhitaji yule kijana wa stesheneri anayetaka laki. Unahitaji namba ya NIDA, barua pepe, anwani ya unapofanyia biashara, na ada mimi nililipa 20,000, yaani 15,000 ya usajili na 5,000 ya mwaka, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu. Ile 5,000 ni ya kila mwaka, iweke kwenye kalenda ya simu usije ukashtukia inakudai. Na nikwambie kitu ambacho watu wanachanganya sana, jina la biashara sio kampuni. Ukisajili jina, wewe na biashara bado ni mtu yuleyule, deni la biashara ni deni lako, kesi ya biashara ni kesi yako. Kwa mtu wa fremu moja kama mimi inatosha, ila usije ukatangaza kijiweni kwamba umefungua kampuni.

Mimi bwana siku ya kujaza fomu nikapata wazimu wa ukubwa. Nikaanza na jina la mwanangu, nikaongeza classic, nikaongeza collection, halafu kuna mtu akanishauri weka na general supplies maana huwezi jua kesho utapata tenda. Likapita. Cheti nikakiprinti rangi nikakibandika ukutani, jina limejaza mstari mzima. Raha.

Nilipowafuata watu wa bulk SMS, yaani kampuni zinazokutumia sms kwa watu wengi kwa mpigo, ndo nikaambiwa jina la mtumaji, lile linalokaa juu ya meseji sehemu ya namba, mwisho wake ni herufi 11 na nafasi nayo inahesabiwa. Sio wao wameamua, mitandao ndo inavyofanya kazi, hata nje huko ni hivyohivyo. Nikasema sawa, nitafupisha, nikachukua herufi za mwanzo za kila neno. Wakakataa. Kwamba hizo herufi hazionekani popote kwenye cheti, watajuaje ni za kwangu na sio za mtu mwingine? Wakati ule niliwachukia kweli kweli ila nikikaa nikifikiria walikuwa sahihi, bila hivyo mimi ningeweza kujipa jina linalofanana na la benki nikaanza kutumia watu sms.

Kwa hiyo nikarudi BRELA nikabadilisha jina, nikalipia tena, na sasa hivi lina herufi nane (silitaji, nisionekane nimekuja kujitangaza). Ningehesabu mwanzo nisingerudi. Chagua jina fupi, neno moja au mawili yaliyoshikana, liandike kwenye karatasi, litazame kama lingekaa juu ya meseji mama yako angelielewa? Ndo ukasajili. Na kila karatasi baada ya hapo liwe vilevile herufi kwa herufi, usiandike huku na "s" mwishoni kule bila "s".

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure TRA. Kama ulishawahi kupewa TIN kwa ajili ya leseni ya udereva usiombe nyingine, mtu anakuwa na moja tu, unaenda wanaibadilisha iwe ya biashara. Watakukadiria kodi, hapo sema mauzo yako ya kweli, usijifanye Bakhresa. Leseni ya biashara unaombea mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi, inatoka halmashauri unakofanyia biashara, mimi Tabata ni Jiji, wa Sinza atakuwa Ubungo, wa Mwananyamala Kinondoni. Watataka uthibitisho kwamba huna deni la kodi, na mkataba wa pango, na huo mkataba nao utakukumbusha kodi ya zuio asilimia 10 ambayo kisheria inakatwa kwenye hela ya mwenye nyumba lakini sote tunajua mfukoni inatoka kwa nani. Sitaki kuongelea hapo, nina presha.

Ukishakuwa na cheti, TIN, leseni na kitambulisho, kilichobaki ni barua. Mimi niliombwa barua yenye kichwa cha biashara, saini na muhuri, ieleze jina la mtumaji ninalotaka, nitatuma sms za nini, na mfano wa sms yenyewe. Nikachonga muhuri Kariakoo, nikasaini, chini wanataka cheo. Nilikaa nacho kama dakika kumi. Mkurugenzi? Wa nani sasa? Nikaandika Mmiliki. Kwenye ule mfano usiandike maneno ya kuombaomba hela wala "umeshinda", andika ile sms ambayo kweli utaituma.

Halafu unasubiri. Jina linapitishwa na kila mtandao kivyake, Vodacom kivyake, Airtel kivyake, Yas ambayo zamani tuliita Tigo kivyake, Halotel na TTCL vilevile. Langu lilipita kwa wengine ndani ya siku chache, mmoja wapo ukakaa wiki tatu, na mimi kwa kiherehere nikatuma, wateja wa mtandao ule hawakupata kitu na nikaja kununiwa. Uliza jina limepita mitandao gani kabla hujanunua sms nyingi.

Jambo lingine hakuna aliyeniambia. Sms iliyotoka kwa jina haijibiki. Mteja anaandika "niwekee suruali mbili za miaka mitano" anabonyeza, haiendi, au anadhani imeenda. Kwa hiyo namba yako ya simu lazima iwe ndani ya meseji, mwishoni.

Sasa gharama. Sms moja ni herufi 160. Ukizidisha inakuwa ya kurasa mbili na kila ukurasa unakuwa na 153 maana nafasi kidogo inaliwa na kuunganisha, na unalipia zote. Hiyo niliijua. Nisichojua ni kwamba ukiweka alama ambayo haimo kwenye ile seti ya kawaida ya sms, mfano kikatuni cha moyo, meseji nzima inashuka mpaka herufi 70. Mimi vikatuni siweki, nikajiona mjanja. Ikafika Idd, nikaandika meseji yenye maneno "mtoto wako ang'ae Idd hii", nzima haizidi herufi 160, sms kwa watu 300, nikatazama salio limeliwa 900, yaani tatu kwa kila mtu. Nikapiga simu nikiwa nimevimba. Kumbe ni ile alama kwenye ng'. Nilikuwa nimeandikia kwenye Word kwanza, na Word inaigeuza inakuwa ile iliyopinda kama mkia wa mkizi, na iliyopinda haimo kwenye seti. Ile iliyonyooka imo. Alama moja imenilia sms 600! Waingereza wenye lugha yao huenda wanakutana nayo pia ila sisi wa ng'ombe, ng'ara na ng'ambo tumo kwenye hatari kila siku. Andika moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma sms, au tafuta neno lingine, mtoto apendeze, yaishe.

Meseji yangu ya kawaida ilikuwa hii: "Habari dada, mzigo mpya wa watoto miaka 2-7 unafunguliwa Alhamisi saa 3 asubuhi Tabata. Bei kuanzia 3,000. Hutaki sms hizi? Nipigie nikutoe." Hiyo ni herufi 140, ukiweka nafasi moja na namba ya simu unafika 151. Lipa namba siweki tena kabisa, mtu akitaka kushikiliwa anapiga tunaongea.

Ile sehemu ya "nikutoe" usiione ni mbwembwe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa yake sio yako, wanaokusanya wanatakiwa wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wawe na ridhaa ya mwenye namba. Kuna kaka alikuja fremu kuniuzia namba elfu kumi kwenye flashi, bei ya kutupa. Nikamwambia sitaki. Hao elfu kumi hawanijui, ni 15040 tena.

Watu wanaopiga kutolewa ni wachache. Aliyenipigia kwa hasira ni baba mmoja, ananunulia wanawe mwenyewe na ananunua vizuri tu, akaniuliza, "hivi mimi ni dada yako tangu lini?" Nikacheka nikaomba msamaha. Siku hizi naandika "Habari," basi, na nimeokoa herufi tano.