Opali ya tabaka mbili: kwa nini imebanduka, na namna ya kuibandika ikakaa

SWALI: Mimi ni sonara, duka langu liko Langoni, Lamu. Kazi yangu ni pete na vidani vya fedha, hasa vile vya vigae vya sahani za kale. Nilinunua vipande viwili vyembamba vya opali, kile kito kinachometa rangi nyingi. Muuzaji alisema kimoja ni cha Australia na kingine cha Ethiopia. Rangi zake zilikuwa hafifu, nikaambiwa nikiweka jiwe jeusi chini yake zitachomoza. Nikakata taili jeusi, nikabandika kwa supaglu, na kweli ziliwaka. Haikupita miezi miwili, ile ya Australia imebanduka upande mmoja. Ya Ethiopia imeingia ukungu na pembeni imeanza kuwa ya manjano. Aliyezivaa huogelea Shela karibu kila siku. Tatizo ni gundi, ni taili, au ni opali zenyewe? Na je, ni haki kuziuza hivi?

JIBU: Fundi, kwa opali ya Australia tatizo ni gundi, na taili limechangia. Ile ya Ethiopia haikustahili kubandikwa kabisa, kwa hiyo nianze nayo.

Opali nyingi za Ethiopia zilizoko sokoni leo hutoka Wollo, upande wa Wegel Tena, ambako machimbo yalianza kujulikana mwaka 2008. Ni nzuri mno, lakini nyingi zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na hunyonya chochote kinachozigusa: maji, mafuta ya kujipaka, jasho, hata gundi. Ikishanyonya maji inaweza kugeuka angavu kama kioo na rangi zikapotea, kisha ikikauka zirudi. Maji safi huondoka, ila mafuta na gundi hubaki ndani. Manjano unayoyaona pembeni siyo uchafu wa juu, ni kitu kilichokwisha kuzama. Nadhani ni supaglu yako pamoja na mafuta ya kukinga jua.

Mizani ya fedha unayo, basi itumie. Pima opali ikiwa kavu, itie katika maji safi kwa saa moja, ifute, uipime tena. Uzito ukiongezeka, hiyo ni ya kunyonya. Njia ya haraka ni kuigusa kwa ncha ya ulimi. Inayonyonya hunata kidogo. Fanya hivyo kabla hujaleta gundi karibu, na usiridhike na maneno ya muuzaji kuhusu nchi ilikotoka.

Sasa, kwa nini weusi unasaidia. Ndani ya opali mna vitufe vidogo vya silika vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kina upana wa nanomita 150 hadi 300 hivi. Watafiti wa Australia walilionyesha jambo hilo kwa darubini ya elektroni mwaka 1964. Mpangilio huo ndio unaoutawanya mwanga mweupe ukatoka mwekundu, kijani na buluu. Katika opali nyembamba iliyo angavu, sehemu kubwa ya mwanga hupenya, hugonga kilicho chini, kisha hurudi ukiwa mweupe na kuzifunika zile rangi. Mwanga wa kandili huwaka mchana vilevile kama usiku, ila jua haliuachi uonekane. Jiwe jeusi humeza ule mwanga uliopenya, na kinachorudi machoni ni rangi tupu. Ndiyo maana rangi ya kucha au rangi ya kopo haifai kwa kazi ya kudumu: inaonyesha weusi siku ya kwanza, lakini utando wake ukibanduka hata mahali padogo, utaona doa la kijivu katikati ya kito.

Jiwe la chini lilingane na opali kwa ugumu. Opali ni 5.5 hadi 6.5 katika kipimo cha Mohs. Bora kuliko yote ni opali nyeusi isiyowaka rangi yoyote, ile ya machimbo ya Australia, kwa kuwa ni kitu kilekile: hutanuka pamoja na husagika pamoja. Kwetu kuipata si rahisi. Akiki nyeusi, ile inayouzwa kwa jina la oniksi, ni ngumu zaidi, inafika 7, na unapong'arisha opali huliwa kwanza, ukabaki na ngazi unayoisikia kwa ukucha pale zinapokutana. Taili lako, kama ni la matale (graniti), ni mchanganyiko wa chembe ngumu na laini, na huacha vishimo ambavyo gundi haivijazi vizuri. Matumbawe na mawe meupe ya kisiwani usiyajaribu.

Mimi kwa pwani yetu nachagua obsidiani, kioo cha volkano kinachopatikana Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Eburru. Nunua kwa wauzaji wa mawe. Ya ndani ya mbuga ya Hell's Gate si ya kuokota. Ugumu wake ni 5 hadi 5.5, na husagika vizuri. Lakini inyanyue kwenye jua kabla ya kuitumia. Obsidiani inayoonekana nyeusi mkononi, ukiikata nyembamba sana hugeuka kahawia ya moshi na mwanga ukapita. Iache na unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kwa mazoezi, kioo cheusi cha dirisha kinatosha.

Kazi yenyewe iko kwenye nyuso mbili zinazokutana. Weka kioo kinene mezani, mwagia maji, nyunyiza unga wa kusagia wa silikoni kabaidi namba 400, usage opali kwa mwendo wa nane. Kwanza chora mistari ya penseli upande wote unaousaga. Mistari ikifutika katikati tu, au pembeni tu, uso bado una mgongo. Ikifutika yote kwa pamoja, umefika. Osha kila kitu, badilisha kioo, malizia kwa namba 600. Hapo simama. Usiung'arishe uso huo, maana gundi hushika pale penye mikwaruzo midogo, na kwenye uso wa kioo huteleza. Jiwe jeusi lifanye vivyo hivyo.

Kabla ya kubandika, lowesha pande zote mbili za opali, uiweke juu ya jiwe jeusi, uitazame ndani chini ya taa na nje kivulini. Mara nyingi upande mmoja huwaka kuliko mwingine. Kosa la hapa halirekebishiki kirahisi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Supaglu hukauka upesi lakini ni kavu mno. Haipindi, na unyevu huila taratibu. Kwa hewa ya Lamu, pamoja na maji ya bahari, lazima iachie. Tumia epoksi ya sehemu mbili, tena ile ya polepole inayotaka saa 24, siyo ya dakika tano. Ya dakika tano hukaza kabla hujatoa viputo, na kwa maji ni dhaifu. Futa nyuso zote kwa asetoni, na baada ya hapo usiziguse kwa kidole hata kidogo. Pima sehemu mbili sawasawa kama pakiti inavyosema, kisha tia oksaidi nyeusi, ule unga wa rangi ya sakafu, kiasi cha ncha ya kisu, iwe kavu kabisa. Ukiizidisha, epoksi haitakaza. Koroga kwa kukunja, polepole, usipige kama yai, maana kila kiputo unachokiingiza sasa utakuja kukiona kama nukta ya fedha chini ya rangi.

Yapashe mawe yote mawili joto dogo chini ya taa, yawe ya uvuguvugu tu, ili gundi iwe nyepesi. Tia tone katikati ya jiwe jeusi, teremsha opali kwa kuilaza kutoka upande mmoja, halafu izungushe kwa kidole kwa miduara midogo. Mwanzoni inaelea. Gundi inapotoka pembeni na viputo kuisha, utasikia mkononi kwamba inazidi kuwa nzito na haitaki tena kuteleza. Iache hapo. Kibanio cha nguo chenye springi laini kinatosha. Ukibana kwa nguvu utaikamua gundi yote na kiungo kitakuwa kikavu. Iache siku nzima, na mimi huongeza ya pili. Kisha tazama ubavuni kwa lenzi ya mara 10: mstari uwe mwembamba kama unywele, mweusi, usiokatika.

Jambo ambalo wengi hulikosa: usiipunguze opali kabla ya kuibandika. Ibandike ikiwa na milimita 2 au zaidi, kisha uipunguze kutoka juu ikiwa tayari imeshikwa na jiwe. Opali ya nusu milimita peke yake hukatika kwa kuisafisha tu. Unapoishikiza kwenye kijiti kwa kukata, usitumie nta ya moto, kwani opali ina maji ndani yake, mara nyingi asilimia 3 hadi 10, na joto la ghafla huipasua. Hapa ndipo supaglu inapofaa, kwa kushikiza kijiti. Saga kwa maji muda wote, uvae barakoa. Vumbi la silika huharibu mapafu. Ng'arisha kwa oksidi ya seriamu juu ya ngozi yenye maji, ukipumzisha kito kila kinapopata joto.

Kwenye fedha, kikombe cha kushikia kito ni kilekile unachokifanyia vigae, kwa hiyo nitasema mawili tu. Ukingo wake upite juu ya mstari wa kiungo ili maji yasiupate ovyo, na kazi zote za moto ziishe kabla kito hakijaingia. Lehemu ya fedha huyeyuka karibu na nyuzi 700, na epoksi hulainika mbali chini ya hapo.

Kuuza ni haki kabisa, kwa sharti useme. Ukingo ukishaufunika ubavu, mnunuzi hana njia ya kujua, na ndiyo maana CIBJO, shirikisho la kimataifa la biashara ya vito, linataka kito cha kuunganishwa kitajwe hivyo. Andika kwenye risiti: opali ya tabaka mbili, chini obsidiani. Mweleze pia aivue anapoogelea na anapokosha vyombo. Mchanga una chembe za kwatzi, ugumu wake 7, nazo huikwaruza opali. Na asiipeleke kwa mashine ya kusafishia ya mitetemo.

Pete ya Australia itoe kwenye fedha, itie katika asetoni ndani ya chupa iliyofungwa mbali na moto, hadi gundi iachie yenyewe. Usiichokoe kwa kisu. Saga uso wake upya, uanze kama nilivyoeleza.

Ya Ethiopia usiitie asetoni, kwani itaiyeyusha gundi na kuizamisha zaidi ndani. Saga taili taratibu, kwa maji kidogo, mpaka liishe, kisha iache opali hewani kivulini hadi mizani isiposoma mabadiliko tena. Manjano ya pembeni huenda yakaondoka kwa kusaga. Yakiwa yamezama sana, mwambie mteja wazi. Badala ya jiwe la chini, ifanyie kikombe chenye sakafu ya fedha iliyotiwa weusi: pondaponda yai la kuchemsha, lifunge kwenye mfuko pamoja na kikombe kitupu, na salfa ya kiini itaifanya fedha kuwa nyeusi kwa saa kadhaa. Osha, kausha, toboa tundu dogo chini ili unyevu upate pa kutokea, kisha kaza ukingo bila tone la gundi.