Maswali ya Wasomaji: Mwili Uko Kwenye Safu, Moyo Uko Mang'ola

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu katika Soko la Kilombero, hapa Arusha. Mzigo naufuata mwenyewe kwa wakulima wa Mang'ola, huko Karatu. Tangu nilipoacha kuchukua magunia machache na kuanza kujaza fuso nzima, moyo wangu hautulii katika swala. Napiga takbira, na kabla sijamaliza Fatiha nimeshafika Mang'ola, nahesabu magunia na kuwaza mvua. Simu ikitetemeka kwenye mfuko wa kanzu wakati wa rukuu najua ni dereva, na siku hiyo siwezi kukuambia imamu alisoma sura gani. Siku za kushusha mzigo Adhuhuri naichelewesha mpaka naiswali pamoja na Alasiri. Jamaa mmoja ninayeswali naye ameniambia kwamba dunia imeshauteka moyo wangu, hivyo niuze kila kitu nibaki na genge dogo la kunipatia riziki ya siku. Mke wangu amekataa, kwa kuwa tuna watoto watatu shuleni. Je, swala yangu inasihi? Na je, niache biashara?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Swala yako inasihi maadamu umetimiza masharti na nguzo zake, kwa sababu wanazuoni walio wengi hawakuyahesabu mawazo yanayompitia mtu kuwa miongoni mwa mambo yanayobatilisha swala. Kinachopungua ni thawabu, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtu humaliza swala yake na asiandikiwe ila moja ya kumi yake, na mwingine moja ya tisa, na kuendelea hivyo mpaka kufikia nusu. Ikitokea unaswali peke yako ukasahau idadi ya rakaa, ishike ile ndogo uliyo na yakini nayo, ukamilishe zilizobaki, kisha usujudu sijda mbili za kusahau.

Wala usidhani kwamba umefikwa na jambo geni. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi inayoeleza kwamba shetani hukimbia anaposikia adhana na hukimbia tena swala inapokimiwa, kisha hurudi akaingia baina ya mtu na nafsi yake, akimwambia kumbuka hiki na kumbuka kile, katika mambo ambayo mtu huyo hakuwa akiyakumbuka hapo kabla, hata asijue ameswali rakaa ngapi. Wafanyabiashara wanaielewa hadithi hii pengine kuliko sisi tunaoisomesha, maana deni lililosahaulika tangu Ramadhani hukumbukwa katika rakaa ya pili. Swahaba Uthman bin Abil-As alilalamika kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu jambo hili hili, akaelekezwa amwombe Mwenyezi Mungu kinga dhidi ya shetani huyo na ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu. Alifanya hivyo na hali ile ikamwondokea.

Jamaa yako amekutakia kheri, lakini amekutwika jambo ambalo dini haikukutwika. Tazama Aya ya 37 ya Surat an-Nur, ambayo inawasifu watu ambao biashara na kuuza hakuwashughulishi wakaacha kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kusimamisha swala na kutoa zaka. Waliosifiwa pale wamo ndani ya biashara. Hawakusifiwa kwa kuikimbia. Swahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, Saad bin Rabii, Ansari (mwenyeji wa Madina) aliyeunganishwa naye udugu, alijitolea kumpa nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka na kumwomba amwonyeshe njia ya sokoni. Alianza kwa samli na jibini, akatajirika, na bado ni miongoni mwa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hata Surat al-Jumu'a, iliyoamrisha kuacha biashara unaposikika wito wa swala ya Ijumaa, inafuatisha katika Aya ya 10 amri ya kutawanyika katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu swala inapokwisha.

Basi kama si kuacha biashara, ni nini? Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali akiwa amevaa shuka lenye nakshi, zawadi aliyopewa na Abu Jahm, na jicho lake likaziangalia zile nakshi. Alipomaliza aliagiza shuka lile lirudishwe kwa Abu Jahm na aletewe badala yake shuka lake lisilo na nakshi, akisema kwamba lile lilimshughulisha katika swala yake. Hakusema kwamba nguo zote ni fitina, na wala hakumvunja moyo mwenye zawadi, kwani aliomba nyingine kutoka kwake. Aliondoa kile kitu kimoja kilichomshughulisha.

Kwako wewe kitu hicho, kwa maelezo yako mwenyewe, ni ile simu. Mwachie kijana wako wa stoo unapokwenda msikitini, na kabla ya adhana umpigie dereva umwambie kwamba kwa nusu saa ijayo hupatikani. Dereva aliyefika salama kutoka Karatu hatashindwa kungoja muda huo. Fika mapema pia, ukae kidogo kabla ya iqama, kwa sababu anayeingia akihema kwenye safu huku wapagazi wakimwita kwa nyuma huwa ameingia na soko zima.

Kuhusu kuichelewesha Adhuhuri, hapo sina budi kuwa mkali kidogo. Kushusha mzigo si udhuru wa kuifanya swala iliyowekewa wakati wake kuwa ya kufidia kila wiki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kuhofia mali isiharibike ni udhuru wa kukosa swala ya jamaa, yaani unaweza kuswali palepale stoo juu ya mkeka badala ya kwenda msikitini, lakini si udhuru wa kuitoa swala nje ya wakati wake. Kwa hapa Arusha wakati wa Adhuhuri huingia baada ya saa sita mchana na kuendelea mpaka baada ya saa tisa alasiri. Katika saa tatu hizo dakika kumi hazikosekani, na wapagazi wako nao wana swala zao, ambazo wewe uliyewaajiri utaulizwa kama uliwazuia.

Sasa niruhusu nikuulize ambalo hukuniuliza. Magunia hayo unayoyahesabu kwenye swala yamejazwa vipi? Nauliza kwa sababu Mang'ola na Kilombero zote mbili zinaijua lumbesa: gunia linashindiliwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, mkulima analipwa bei ya gunia moja, kisha sokoni vitunguu vilevile vinauzwa kwa kilo, mzani ukiwa mkononi mwa mnunuzi wa jana. Surat al-Mutaffifin inaanza kwa kuwatishia adhabu wale ambao wanapojipimia kutoka kwa watu hupokea kwa ukamilifu, na wanapowapimia wengine hupunguza. Serikali imeipiga marufuku lumbesa, na Qur'ani ilitangulia. Sikutuhumu, ndugu yangu, kwa kuwa sijui unanunuaje. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya dunia yanayohofiwa hasa ni yale yanayomfanya mtu achukue kisicho chake, na hayo yanaweza kumkaa mtu ambaye katika swala analia machozi.

Siku nyingine ya kuujua moyo wako ni siku ya zaka. Bidhaa za biashara zikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na mwaka ukazipitia, zinatolewa asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo. Mwenye bidhaa na fedha za shilingi milioni 40 anatoa milioni 1. Ukijikuta siku hiyo unatafuta madeni ya kupunguza hesabu, au unakumbuka ghafla kwamba bei ya vitunguu imeshuka, hapo hofu ya jamaa yako ina msingi. Ukiitoa ikatoka, basi endelea na fuso yako, na umwambie mke wako kwamba ana haki ya kutulia.

SWALI: Sheikh, baba yetu amestaafu na tangu aliporudi Umra anashinda msikitini. Anafunga karibu kila siku na hana muda wa kukaa na mama, ambaye ni mgonjwa wa kisukari. Sasa anataka nyumba yetu ya kupangisha, ambayo kodi yake ndiyo inayowalisha, aifanye wakfu wa msikiti, kwa kuwa anasema hataki tena kufungamana na dunia. Je, sisi watoto tunaweza kumzuia?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Nyumba ni ya baba yenu, na akiwa na akili timamu hamna mamlaka ya kumzuia. Lakini chakula, mavazi na makazi ya mke ni wajibu juu yake, na wakfu ni sunna, na wajibu hutangulia sunna. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwatelekeza wale anaowalisha.

Mkumbusheni kisa cha maswahaba Salman na Abu Dardaa, lakini mkumbusheni kwa adabu ya watoto kwa baba, na ikiwezekana azungumze naye mzee mwenzake anayemheshimu. Salman alimtembelea Abu Dardaa akamkuta mkewe amejiachia, hajishughulishi na mavazi yake, na alipomuuliza sababu mama yule alijibu kwamba ndugu yako hana haja na dunia. Salman alimfanya mwenyeji wake afungue swaumu yake ya sunna ale naye, akamzuia kusimama usiku mpaka sehemu ya mwisho, kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake na mkewe ana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) alisema kwamba Salman amesema kweli.

Nia ya baba yenu inaweza kutimia bila kumdhuru mama. Wakfu unaweza kuandikwa kwa sharti kwamba kodi ya nyumba itumike kwa mama maisha yake yote, na baada yake iende msikitini. Mwambieni aende na mashahidi wawili katika ofisi ya wilaya ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), waandike sharti hilo waziwazi kabla hajatia saini chochote.