Reduce si dawa ya kila mahali

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ni kosa kutumia neno la Kiingereza reduce, yaani kupunguza, kila mahali katika kijitabu chako cha wagonjwa, maana kamusi ya visawe imeipanga safu moja na dilute, attenuate, taper na wane. Ngoja kwanza nikueleze habari ya chanjo.

Unakijua kijitabu kilichonitoa kazini. Niliandika kwamba bakteria wa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni attenuated, yaani wamedhoofishwa makali. Mkubwa wangu akafuta, akaweka diluted, yaani wamezimuliwa, akanitangazia mbele ya wenzangu kuwa ni yale yale, ila lake ni jepesi. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Wanasayansi wa Kifaransa Calmette na Guérin walianza mwaka 1908 kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyotiwa nyongo, wakawa wanawahamisha kila baada ya wiki tatu hivi, mara 230, mpaka bakteria wenyewe wakaishiwa makali. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mwaka 1921. Kazi ya miaka 13, halafu mtu aifute kwa neno moja! Ukiwazimua kwa maji bakteria wakali, kila tone litakuwa na wachache, lakini kila mmoja ni mkali vilevile, tena anazaliana. Mzazi akisoma diluted ataamini mwanawe kapewa majimaji tu.

Maneno yana ndugu, hayana pacha. Umelisikia hilo tangu utotoni, na leo nalirudia.

Hata hivyo, hoja unayo. Mgonjwa hashiki kamusi. Reduce ataielewa papo hapo, attenuate huenda ikamtisha. Sawa. Lakini daktari anayesema taper kuhusu prednisolone, dawa ya steroidi, anataka dozi ishuke hatua kwa hatua, ili tezi za adrenali, zile za juu ya figo, zilizokuwa zimezembea kwa sababu ya dawa hiyo zipate muda wa kurudi kazini. Reduce peke yake haisemi hivyo. Au uandike reduce, kisha utaje kila hatua? Hapo ningeridhika, nusu. Wane iache kabisa: ni ya kitu kinachofifia chenyewe, na dozi haijipunguzi.

Kijitabu ni chako, uamuzi nakuachia, ingawa ulimi unaniwasha. Ila ukurasa wa prednisolone nitumie kabla hawajachapa.

Mama yako