Hapati usingizi, na mitihani ya wodini imekaribia

SWALI: Mdogo wangu anasomea udaktari hapa Dodoma. Tangu vyuo vilipofungwa kwa korona Machi 2020, usingizi wake haujakaa sawa. Ni uchovu tu?

JIBU: Pole sana, ndugu. Uchovu hupungua mtu akipumzika; sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hung'ang'ania. Ajaze PHQ-9, dodoso la kupima sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, amwone daktari. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru: hata alama 1, mpeleke siku hiyohiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa mjini. Ajaze faraghani, maana mbele ya wenzake ataficha, akihofia kuonekana hafai udaktari. Na tafadhali, asijiandikie vidonge vya usingizi.