Akaunti za Familia na Nyongeza za Michezo: Mali Hufuata Nini?

Nilipounganisha akaunti za wanangu wawili na yangu, nikiwa msimamizi wa familia, niliamini kwamba kila nitakachonunua kitawafikia bila kazi nyingine. Siku moja niliingiza kwenye akaunti yangu msimbo wa viwango vya ziada uliokuwa ndani ya kasha la mchezo, kisha nikawapa watoto diski wakacheze kwenye mashine yao ya michezo (konsoli). Mchezo ulifunguka, lakini zile nyongeza hazikuonekana, na msimbo ulikuwa umeshatumika.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba kundi la familia ni chombo cha malezi: huweka mipaka ya umri, saa za kucheza na matumizi ya fedha. Haki ya kutumia kilichonunuliwa hupitia kwenye mashine. Katika PS5, konsoli ya PlayStation, mwenye akaunti huwasha mpangilio wa kushiriki konsoli na kucheza bila mtandao, na hapo watumiaji wengine wa mashine hiyo hupata michezo yake ya kidijitali na nyongeza zake, hata wasipokuwa wanafamilia. Kwa Xbox, konsoli ya Microsoft, mashine hiyo huteuliwa kuwa Xbox ya nyumbani. Akaunti moja haiwezi kuwasha mpangilio huu kwenye PS5 mbili kwa wakati mmoja, na Xbox ya nyumbani hubadilishwa mara 5 tu kwa mwaka, kwa hiyo si jambo la kuhamishahamisha kila wikendi.

Mpangilio wangu ulikuwa umewashwa kwenye mashine ninayochezea mimi. Niliuzima huko nikauwasha kwenye ya watoto, wakapakua nyongeza, tatizo likaisha. Mimi sikupoteza kitu, kwa kuwa mwenye mali hucheza popote alipoingia kwa akaunti yake, mradi intaneti ipo. Tangu hapo ununuzi wote na misimbo yote hupitia akaunti moja ya mtu mzima, ingawa mwanangu mkubwa huona kwamba namnyima uhuru.

Hasara halisi ilikuwa kwenye sarafu za mchezo. Niliwanunulia kwa akaunti yangu, zikabaki kwangu, na hakuna mpangilio unaozihamisha. Sarafu, pasi za msimu wa mashindano (battle pass) na mavazi yanayotunzwa kwenye seva za mchezo kwa kawaida humfuata aliyeyanunua, kwa hiyo mnunulie mtoto akiwa ameingia kwa akaunti yake mwenyewe, kwa salio ulilomwekea au kikomo cha matumizi ulichompangia.

Wenye diski wana jambo moja zaidi la kuangalia. Diski ya PlayStation iliyotolewa kwa ajili ya eneo moja la dunia mara nyingi haikubali nyongeza zilizonunuliwa kwa akaunti ya eneo lingine, na kosa hilo halionekani mpaka fedha zimeshatoka. Namba ya toleo huandikwa kwenye mgongo wa kasha. Itumie kujua diski ni ya eneo gani, na hakikisha akaunti unayonunulia ni ya eneo hilo hilo kabla ya kulipa.