Redio kaseti ya zamani kwenye amplifaya mpya: anza na waya hasi wa spika

Mdogo wangu unayeanza umeme wa magari, siku moja atakuja mzee na Peugeot 504 yake. Redio kaseti iko pale pale kwenye dashibodi tangu gari likiwa jipya, naye anataka sabufa na amplifaya bila redio hiyo kuguswa. Ikubali kazi hiyo. Ila kabla ya kushika koleo, fungua boneti uangalie ncha ipi ya betri imeshikwa kwenye bodi. Kwa 504 ni hasi, endelea. Land Rover za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, na Beetle za mwanzo zinatumia volti 6. Huko amplifaya ya leo haifungwi hivi hivi.

Sasa njoo kwenye spika, maana hapa ndipo vitu vinapoungua. Nikiwa na miezi michache gereji nilipewa gari la zamani niweke redio mpya. Kutoka kwenye dashibodi kila spika ilikuwa na waya mmoja tu. Wa pili ulikuwa mfupi, umekazwa kwa skrubu kwenye bati la mlango. Nikaufuata mtindo nilioukuta: waya mweupe nikaupeleka spika ya kushoto, mweupe wenye mstari mweusi nikaubana kwenye bodi. Redio ikapiga dakika chache, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Niliilipa kidogo kidogo kwa miezi miwili.

Redio nyingi za zamani hupeleka sauti kwa waya mmoja, na hasi ya spika hurudi kupitia bodi. Redio za baadaye husukuma sauti kwa nyaya zote mbili, kila mmoja ukiwa na volti kama 6 ukilinganisha na bodi. Ukiugusisha mmoja kwenye bati, umepiga shoti. Kwa hiyo usikisie. Washa redio, punguza sauti hadi mwisho, weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye bodi, mwekundu kwenye hasi ya spika. Ikisoma karibu na sifuri, hiyo ni ya mtindo wa zamani. Ikisoma 6 au 7, hasi hiyo isiguse bodi kamwe.

Redio kaseti ya mzee haina matundu ya RCA, yaani yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, kwa hiyo utatumia kile kiboksi kinachopokea nyaya za spika upande mmoja na kutoa RCA upande wa pili. Chukua chenye transfoma ndani, hata kama bei imezidi kidogo. Vile vya bei ya chini vingine huunganisha hasi zote pamoja, na kwa redio iliyosoma volti 6 utarudia kosa langu. Na usikate nyaya za kiwandani. Unga pembeni, lehemu, funga vizuri, ili siku mwenye gari akitaka kulirudisha lilivyokuwa, aweze.

Waya wa kuwasha amplifaya hutaukuta kwenye redio hiyo. Kama ina waya wa kupandisha antena, tumia huo. Kama haina, chukua umeme unaokuja funguo ikigeuzwa. Fyuzi ya waya mkubwa unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Waya huo upitishe upande mmoja wa gari, RCA upande mwingine. Hasi ya amplifaya ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae. Nimeona mafundi wakibadilisha amplifaya nzima kumbe tatizo ni rangi chini ya bolti. Ukisikia mlio unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, rudi kwanza kwenye bolti hiyo.

Mwisho ni kuweka kiwango cha sauti, nacho kinataka utulivu. Muombe mzee kaseti yake mwenyewe, anayoijua kila pumzi ya mwimbaji. Ukiwa umeshusha kabisa kiwango cha amplifaya, pandisha sauti ya redio hadi ianze kukwaruza, rudi nyuma kidogo, iache hapo. Ndipo upandishe cha amplifaya taratibu, huku yeye amekaa kiti cha dereva, mlango umefungwa, akikuonyesha kwa mkono lini inatosha.